Meza Isiyopita Mlangoni

Kwaru, kwaru, kwaru. Halafu kimya. Halafu ko, ko, kama mtu anayebisha mlango mdogo sana.

Alfajiri ilikuwa bado haijafunguka, na mkwe alidhani ni panya. Alilala akiusikiliza ule mlio, akajiambia kwamba kuanzia leo panya wa nyumba hii ni wa mtu mwingine. Wazo hilo likamchekesha peke yake gizani, mpaka mumewe akageuka kumwuliza kuna nini.

"Tunahama leo," alisema.

"Najua."

"Nakukumbusha tu."

"Tangu jana unanikumbusha." Lakini naye alikuwa macho kodo, kama mtoto siku ya safari.

Mlio ukaanza tena. Mkwe akajitanda shuka, akatoka sebuleni. Chumba kilijaa vifurushi: sufuria ndani ya beseni, beseni ndani ya beseni, magodoro yamekunjwa na kufungwa kamba hadi yakakosa pumzi. Katikati ya yote hayo, haijaguswa, meza. Na chini ya meza, miguu miwili ya mtu mzima imetokeza, vidole juu.

"Baba?"

"Niko huku."

Aliinama. Baba mkwe wake alikuwa amelala chali, tochi kifuani, kitambaa mkononi. Alikuwa akiifuta meza kwa chini, mahali ambapo hakuna mgeni angepaona, na kila akifika pale mguu unapoingia kwenye fremu, anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza.

"Unatafuta nini huko, baba?"

"Sitafuti. Naisalimia."

"Kabla hata ya chai?"

"Yenyewe hainywi."

Mkwe alicheka, akaenda kuwasha jiko. Hakuona kwamba mzee alibaki pale chini muda mrefu baada ya tochi kuzimwa.

Watu wa mtaa walimwita Fundi, na hata mikono yake ilipoanza kutetemeka na karakana ikafungwa, jina halikuondoka. Alikuwa ametengeneza milango na vitanda vya nusu ya mtaa. Katika nyumba hii ya kupanga, mwisho wa meza ndipo palipokuwa pake. Vyungu havikufunuliwa mpaka avute kiti. Mjukuu wake, msichana mmoja mchangamfu waliyemwita Pilipili, alifanyia hesabu zake ubavuni mwake. Mkwe, ambaye ni mshonaji, alikatia vitambaa upande wa dirishani na kumwuliza kama mstari umenyooka. Mwanawe, fundi bomba, alirudi jioni akaiweka spana yake mbele ya baba yake kabla hajanawa, kama anayeripoti kazini. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Ilikuwa hivyo tu.

Na sasa walikuwa wamejenga. Nyumba yao wenyewe, ng'ambo ya mji, mabati yanang'aa, kuta bado zanukia saruji. Wiki nzima watu hawakulala vizuri kwa furaha. Hata ugomvi ulikuwa mtamu: pazia liwe la rangi gani, kuku wakae upande upi, Pilipili aruhusiwe au asiruhusiwe kulala karibu na dirisha.

Fundi alicheka pamoja nao. Lakini alijua jambo ambalo hakumwambia mtu. Meza haitoki. Haipiti mlangoni, haifunguki, na aliyeifanya isifunguke ni yeye mwenyewe. Kila jioni alitaka kusema, na kila jioni mmoja wao alianza kucheka kabla hajafungua mdomo, akaona si haki kuwakatisha. Na chini ya jambo hilo kulikuwa na lingine. Alikuwa amewasikia wakisema, "Babu atakaa chumba kile cha nyuma, kina hewa nzuri." Walisema kwa mapenzi. Yeye alisikia "cha nyuma." Alijiona kule akiletewa chakula kwenye sinia, kama mgonjwa, na watu wakila mahali pengine.

*

Lori lilikuja jua likiwa bado changa, likiwa na dereva mmoja na wapagazi wawili. Mmoja alikuwa mrefu mno na wenzake walimwita Mlingoti. Wa pili alikuwa mfupi na mpana, akijiita Nusu mwenyewe kabla watu hawajamwita.

"Mama," Nusu alimwambia mkwe, "sisi tukibeba, hata yai halijui kama limehama."

Kazi ikaenda kwa vicheko. Vitanda vikatoka, kabati likatoka, cherehani ikatoka mikononi mwa mkwe mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu. Viti vya meza vikatoka vyote. Pilipili alisimama mlangoni akitoa amri, na Mlingoti alimwitikia "ndiyo, bosi" kila mara bila kuchoka. Majirani walikuja kuaga na kubaki kusaidia.

Kisha ikabaki meza.

"Nyanyua," alisema fundi bomba.

Wakanyanyua, wakaguna. Waliipeleka mlangoni ikiwa wima, ikakataa. Wakailaza ubavu, miguu mbele, ikakataa. Wakatanguliza miguu miwili nje na kuizungusha, na ikakwama hapo, nusu chumbani nusu uani, kiasi kwamba waliokuwa ndani hawakuweza kutoka na waliokuwa nje hawakuweza kuingia.

"Mzee," Nusu alisema akiwa amebanwa ukutani, "meza hii iliingiaje humu? Au ilizaliwa?"

"Ilizaliwa," alijibu Fundi.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mwanawe alimtazama, na kicheko chake kikakatika.

"Baba. Inafunguliwa wapi?"

"Haifunguliwi."

"Kila meza inafunguliwa. Hakuna skrubu?"

"Hakuna skrubu, hakuna msumari." Fundi alikuja karibu, akaweka kiganja juu ya mguu mmoja uliokuwa hewani. "Hapa mguu una ulimi, fremu ina tundu. Ndani ya tundu niliweka kabari kabla sijaufunga. Ulimi ulipoingia, kabari iliupasua kwa ndani ukatanuka. Ukishatanuka hautoki. Utavunja mbao, hutautoa."

"Nani anafanya hivyo kwenye nyumba ya kupanga?"

"Mama yako," alisema Fundi. "Alikuwa amechoka kuhama. Kila tukihama, cha kwanza kufunguliwa ni meza. Akaniambia, nitengenezee moja ambayo mwenye nyumba akija kutufukuza, akiiona, aone haya. Mbao nikazipitisha dirishani, nondo zilikuwa bado hazijawekwa."

"Na mwenye nyumba alikuja?" Pilipili aliuliza kutoka chini ya meza.

"Alikuja. Akakaa, akala, akaenda zake."

Wakacheka tena, hata dereva aliyekuwa amekuja kuchungulia. Ilikuwa hadithi nzuri. Lakini mlango ulikuwa ule ule.

*

Fundi bomba alimpigia simu mwenye nyumba wa sasa, mtoto wa yule wa zamani. Alimwomba ruhusa ya kuvunja fremu ya mlango na kuirudisha jioni hiyo hiyo, tena nzuri kuliko ilivyokuwa. Simu ilikuwa na sauti ya wazi, maana kipaza sauti cha sikioni kiliharibika zamani.

"Fremu yangu?" ilisema simu. "Usiguse hata chokaa. Mpangaji mpya anaingia adhuhuri. Meza ya mzee ipasueni kuni, mchemshie chai."

Wote walisikia. Fundi bomba alizima simu akiwa amechelewa, akaanza kuipangusa kwenye shati lake kana kwamba ilikuwa na vumbi. Mlingoti, Mungu amzidishie, alisema kwa sauti kubwa kwamba kamba ya mizigo imelegea, akamvuta Nusu waende wakaikaze. Kamba haikuwa imelegea.

Ndipo mpangaji mpya akafika, kabla ya wakati. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwoka mikate. Nyuma yake kulikuwa na mkokoteni wenye magunia ya unga na mabati ya kuokea, na binti zake wawili wakisukuma.

"Nisameheni," alisema. "Najua nimewahi. Tulikotoka wametuambia tutoke asubuhi, sikuwa na pa kusubiri." Aliona meza iliyoziba mlango, akakaa juu ya gunia lake. "Endeleeni. Sisi hatuna haraka."

Aliposema hivyo binti mdogo alimtazama, maana haraka ilikuwepo: ndani ya beseni lililofunikwa, donge la unga lilikuwa tayari limeanza kuumuka.

"Basi nileteeni msumeno," Fundi alisema. "Watu wasikae juani kwa sababu yangu."

"Baba," mkwe alisema.

"Tutakata miguu, itapita. Kama ni kukatwa, niikate mwenyewe."

Pilipili alipanda lorini akaleta msumeno, akiubeba kwa mikono miwili kama kitu kinacholala. Waliirudisha meza ndani. Fundi alipiga goti, akaweka meno ya msumeno juu ya mguu, juu kabisa, karibu na fremu. Alivuta. Mkono ukatetemeka, msumeno ukaruka na kuchora mkwaruzo mweupe. Akavuta tena, ukaruka tena. Alijaribu kuushika kwa mikono yote miwili, na ile mikono miwili ikawa inatetemeka kwa pamoja. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akikata mstari bila kuuchora. Watu wakatazama dari, wakatazama sakafu, wakatafuta kila mahali pa kutazama.

"Samahanini," alisema mwoka mikate kutoka mlangoni. "Mimi ni mgeni, sina usemi hapa. Lakini kama inakatwa kwa ajili yetu, msiikate. Tutalala nje hata leo."

"Hata ukilala, mwanangu, kesho mlango ni huu huu."

"Baba, iache tu," alisema fundi bomba, na alisema kwa upole. "Bomba likikataa mimi huliacha, naweka jipya. Nitakununulia nyingine. Nyepesi."

"Nyepesi ya nini?" Fundi hakugeuka. "Ili nikipelekwa nyuma iwe rahisi kuipeleka nayo?"

Neno lilikuwa limetoka, na mwenyewe alionekana kushangaa kulisikia.

*

Mkwe aliketi sakafuni karibu naye, akauchukua msumeno taratibu na kuuweka kando.

"Nani anakupeleka nyuma, baba?"

"Hakuna. Mmesema vizuri. Kina hewa." Aliifuta mikwaruzo kwa kidole gumba. "Hapa nikikaa pale mwisho, kila mtu anajua nimekaa. Kule sijui nitakaa wapi. Ndiyo hiyo tu. Mambo ya uzee."

Mkwe akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alicheka, cheko la mtu aliyechoshwa na kupendezwa kwa wakati mmoja.

"Baba, umewahi hata siku moja kwenda kuiona ile nyumba?"

"Magoti."

"Jana magoti yako yalikwenda kwa kinyozi, yakaenda kucheza bao, yakarudi."

"Kinyozi ni karibu."

"Ungekwenda ungejua. Ile nyumba ina mlango mmoja tu, wa bati, wa mbele. Ndani yote ni matundu. Chooni nimeweka shuka langu, ukiingia inabidi uimbe ili watu wajue upo. Mafundi wa milango wamekuja, huyu mwanao akawarudisha wote. Mwulize kwa nini."

Fundi bomba akaangalia viatu vyake. "Kazi yao mbaya."

"Sema vizuri."

"Nilikuwa nikiangalia milango yao naona ya kwako." Alikuna shingo. "Nilitaka nikuombe tukishafika. Niliogopa utaniambia mikono."

"Mikono si ndiyo hii." Fundi aliinyanyua, ikatikisika mbele ya wote. "Hata msumeno umenicheka."

"Mikono ninayo mimi," alisema mkwe. "Miaka yote hii nakata kitambaa kwa jicho lako. Mbao ni kitambaa kigumu. Wewe utakaa utasema, mimi nitakata. Nikikosea utanitukana."

"Mama," Nusu aliita kutoka uani, "siku ukikata mbao kwa mkasi nitumie salamu nije nione."

Kicheko kikawarudia watu wote. Lakini Fundi hakuwa anasikia. Alikuwa ameinua kichwa, macho yake yamekuwa membamba, na mkwe aliyafahamu macho hayo: alikuwa akipima kitu ambacho hakipo mbele yake.

"Matundu yana upana gani?"

"Hatujui. Tulikuwa tunakungoja."

"Hamjui. Mnajenga nyumba hamjui tundu lina upana gani." Alishika ukingo wa meza, akajivuta akasimama. "Kuta mmepiga lipu? Kizingiti cha juu ni cha zege au cha mbao? Sebule je, inatosha meza?"

"Inatosha meza na watu kucheza pembeni," alisema Pilipili.

"Dirisha la sebuleni mmeshaweka nondo?"

"Wiki ijayo," alisema fundi bomba.

"Simamisha. Mbao za meza ziingie kwanza."

Mwanawe alishika kichwa. "Baba. Usiniambie unataka kuweka kabari tena."

"Kwani mnahama tena?"

"Hatuhami. Kule ni kwetu."

"Basi kabari."

Mkwe aliziba uso kwa viganja, mabega yakimtikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka mpaka alipoiondoa mikono: alikuwa anafanya yote mawili.

*

Fundi alimgeukia mwoka mikate.

"Wewe unakandia unga wapi?"

"Juu ya mlango mkuukuu. Nauweka juu ya ndoo. Huyu mkubwa anaushika usiteleze, mdogo anashika ndoo."

"Njoo."

Alikuja huku akipangusa mikono iliyokuwa safi. Fundi alimwonyesha mahali pa kusimama. Aliweka viganja vyake juu ya meza, kwanza kama mtu anayegusa kitu cha wenyewe, kisha akakandamiza kwa uzito wake wote, mabega na kiuno, kama mtu anayekanda kweli. Meza haikusogea. Haikutoa hata mlio. Alikandamiza tena, akaanza kucheka, akawatazama binti zake.

"Leo nyinyi mmeachishwa kazi," aliwaambia. "Nendeni mkacheze."

Kisha akakumbuka, akaondoa mikono. "Baba, mimi sina cha kukupa."

"Nimekuuzia? Usiweke bati la moto bila kitambaa. Maji yakimwagika, futa saa hiyo hiyo. Watoto wakitaka kucheza juu yake, waache, ilishazoea." Aligusa mikwaruzo mipya ya msumeno. "Hii haitatoka. Wakiuliza, sema fundi wake alikuwa mzee."

"Nitasema alibadili mawazo," alisema mwoka mikate.

Dereva alipiga honi. Mwoka mikate akasema hakuna anayeondoka mdomo mkavu nyumbani kwake, ilhali nyumba yenyewe ndiyo kwanza aingie. Alitoa kwenye kapu mkate wa jana aliouokea safari, akaukata juu ya meza. Viti vyote vilikuwa lorini, chini ya magodoro, kwa hiyo watu walikalia walichopata: ndoo, gunia, beseni lililogeuzwa. Mlingoti alikula akiwa amechuchumaa na bado alikuwa mrefu kuliko wote. Jirani alileta birika la chai na vikombe visivyofanana. Dereva aliyekuwa na haraka aliomba kipande cha pili.

Mwisho wa meza palikuwa na ndoo moja tupu, na kila mtu alimwachia Fundi. Fundi aliitazama. Akamwambia mwoka mikate, "Kaa hapa. Huko ulikokaa jua linakupiga machoni." Kisha akavuta gunia akaketi ubavuni, katikati ya Pilipili na Nusu, akaomba apitishiwe chai. Jua lilikuwa limeshaondoka dirishani kitambo. Mwanawe aliona, mkwe aliona, wote wakanywa chai yao.

Pale mezani hakukuwa na huzuni. Watu wazima walikuwa wakizungumza kwa kukatizana. Fundi alikuwa ameomba kalamu, na kwa kuwa hakuna aliyejua karatasi zimefungwa wapi, alimfanya mkwe achore mlango wa chooni juu ya kiganja chake mwenyewe, akimsahihisha: "Hapana, bawaba huku. Unataka mtu akitoka amgonge anayengoja?"

*

Walipompandisha mbele ya lori, karibu na dereva, Fundi aliteremsha kioo. Mwoka mikate alikuwa amesimama mlangoni, tayari ana unga mpaka viwikoni, maana lile donge halikuweza kungoja tena.

"Uje kwangu," Fundi alimwambia. "Ukivuka daraja, shika kushoto, uliza kwa fundi wa milango."

"Ni kulia, baba," alisema mkwe kutoka nyuma, juu ya magodoro.

"Shika kulia," alisema Fundi, bila haya hata kidogo. "Uje na hawa watoto. Usipouona mlango ujue bado naupima."

"Nitakuja," alisema mwoka mikate. Lori lilianza kutikisika, na ikabidi apaze sauti. "Lakini nyinyi mrudi kwanza. Jumapili. Nitaoka mapema. Rudini, baba, msiniache nikae peke yangu pale mwisho."